Tramu imegoma, ambulensi haiwaki: kutafuta chanzo cha hitilafu kwenye magari ya makumbusho

Hitilafu nyingi zinazofika kwenye karakana za makumbusho huanza kwa maneno yale yale: "Msimu uliopita ilitembea vizuri, hatukuigusa tangu hapo, leo imegoma." Jibu limo humo humo kwenye malalamiko. Haikuguswa. Daladala huchakaa kwa kutembea, gari la makumbusho huchakaa kwa kusimama. Petroli hugeuka gundi, ngozi za vali hukauka, unyevu huingia kwenye mota, na panya huhamia ndani ya godoro la machela.

Nimeandika kwa ajili ya wanaoyatunza magari haya, wawe watu wa kujitolea, mafundi au wasimamizi wa makusanyo. Tramu, yaani magari ya abiria ya mjini yanayotembea kwenye reli, na ambulensi nimeziweka pamoja kwa sababu bodi zake za zamani zilijengwa kwa ufundi mmoja: kiunzi cha mbao ndani, bati au turubai juu yake. Kinachotofautiana ni kinachozisukuma.

Kwenye gari la kawaida, kifaa kikiharibika unakitupa na kununua kingine. Hapa kifaa kibovu bado ni sehemu ya historia ya gari. Kwa hiyo tazama, piga picha, pima, andika, ndipo ufungue. Kila kinachotolewa kifungiwe lebo yenye namba ya gari na tarehe, kisha kihifadhiwe. Niliwahi kuona amecha nzima ya mota, yaani sehemu yake ya ndani inayozunguka, ikiwa imelala kwenye rundo la vyuma chakavu, na kosa lake lilikuwa kaboni moja (kipande kinachopeleka umeme kwenye amecha) iliyokwama. Mtu alifungua kabla ya kupima. Amecha ile haikuwa na mwenzake popote.

TRAMU

Tramu nyingi za makumbusho hutumia umeme wa volti 550 hadi 600. Kule Crich, Derbyshire, Uingereza, ambako makumbusho ya taifa ya tramu yamekuwa yakitembeza tramu za umeme tangu 1964, waya wa juu una volti 600. Huu si umeme wa ukutani. Ni mkondo mnyoofu kama wa betri, na cheche yake ikishawaka haijizimi upesi, kwa kuwa mkondo haupiti kwenye sifuri hata mara moja.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote, teremsha mlingoti wa troli, ule unaochukua umeme kwenye waya wa juu, na uufunge kwenye ndoano yake, kata swichi kuu, chomoa ufunguo wa mbele-nyuma wa kontrola (swichi kubwa ya dereva) na uutie mfukoni mwako mwenyewe, kaza breki ya mkono, na weka kabari kwenye magurudumu. Kama hujafunzwa umeme wa tramu, kazi yako inaishia kwenye ukaguzi wa macho. Hilo halina mjadala.

Dalili: dereva amezungusha kontrola, tramu haisogei

Anza kwa kutazama juu. Mara nyingi mlingoti umeruka kwenye waya, au kichwa chake kimekaa vibaya. Kisha tazama taa za ndani, lakini zisikudanganye: taa za tramu za zamani ziliungwa tano tano kwa mfululizo, kila moja ya volti 120 hivi, ili zigawane volti 600. Moja ikiungua, zote tano huzimika ingawa umeme upo. Tazama safu nyingine ya taa, au sikiliza kama kompresa inanguruma.

Kama umeme upo, chunguza mambo mawili ambayo watu huona aibu kuyaangalia: je, sakiti breka imerudishwa? Na ufunguo wa mbele-nyuma umefika mwisho wake, au umeachwa katikati?

Chanzo kinachofuata ni reli. Umeme huingia kwa waya wa juu na kurudi kwa magurudumu na reli. Tramu ikisimama juu ya mchanga uliomwagwa kwa ajili ya breki, juu ya majani yaliyosagika, au kwenye reli iliyoota kutu majira ya baridi, njia ya kurudi inakatika. Taa hufifia au huzimika, na gari halisogei.

ONYO: hapo bodi nzima ya tramu inaweza kuwa na umeme. Mtu aliyesimama chini akishika nguzo ya mlangoni, yeye ndiye anakuwa njia ya kurudi. Abiria wabaki ndani, walio chini wakae mbali, na mlingoti uteremshwe kwa kamba yake kavu. Kurudisha mgusano wa gurudumu na reli ni kazi ya aliyefunzwa peke yake.

Yote hayo yakiwa sawa, tatizo limo ndani ya kontrola au mota. Kontrola ni ngoma yenye vipande vya shaba, inayozunguka dhidi ya safu ya vidole vya shaba. Vidole huungua, huota rangi nyeusi, na springi zake hulegea. Fundi wa umeme huvisafisha kwa tupa laini, hukagua kama vinakandamiza sawasawa, na hupaka vaselini kidogo sana. Mwisho kabisa ndiyo mota: kaboni iliyokwama ndani ya nyumba yake kwa sababu ya vumbi na unyevu. Kaboni inapaswa kupanda na kushuka yenyewe ukiisukuma kwa kidole.

Dalili: sakiti breka inaruka kila tramu inapoanza

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mkono wa dereva. Akipandisha nochi (hatua za kontrola) upesi mno, mota hunywa umeme mwingi kabla hazijapata mwendo. Muulize aliyekuwa akiendesha, bila kumlaumu. Ya pili ni breki ya mkono iliyosahauliwa.

Ya tatu ndiyo inayoua mota: unyevu. Tramu iliyolala miezi minne kwenye banda baridi, asubuhi ya joto ikifika, chuma chake bado ni baridi na hewa yenye unyevu huganda juu yake kama jasho la glasi ya maji ya barafu. Maji hayo huingia kwenye vilima vya waya. Ukiwasha, insulesheni (kihami cha waya) iliyodumu miaka 100 inatoboka kwa sekunde moja.

Ndiyo maana baada ya mapumziko marefu kila mota ipimwe insulesheni kabla ya kuunganishwa na waya wa juu. Fundi hutenga mota, kisha hutumia kipimo cha mkono cha volti 500 au 1000. Kipimo kikiwa chini ya megaohmu 1, usiwashe. Kausha kwa hewa ya joto la wastani, polepole, kwa siku kadhaa, ukiandika kipimo kila siku. Usishtuke siku za mwanzo kikishuka badala ya kupanda: joto linausukuma unyevu utoke ndani, na ukiendelea kwa subira kitaanza kupanda. Wengi hukata tamaa hapo hapo kwenye mteremko na kupeleka mota kufungwa waya upya, gharama kubwa na upotevu wa kazi ya asili isiyorudi.

Kama mota imekauka na bado breka inaruka, tazama komuteta, ile ngoma ya vipande vya shaba ambayo kaboni hugusa. Uso wake uwe laini, wa rangi ya chokoleti. Ukiona alama za kuungua kuzunguka ukingo, au vumbi la kaboni limejaza nafasi kati ya vipande vya shaba, simama. Mtaalamu wa mota aamue mwenyewe kama isafishwe au ichongwe kwenye leti, mashine ya kuchongea vyuma.

Dalili: nochi moja haina kitu, inayofuata tramu inaruka mbele

Hapa chanzo ni karibu kila mara kimoja: rezista (kipunguza umeme) iliyovunjika chini ya sakafu. Zimetengenezwa kwa chuma cha kumimina, nacho hupasuka kwa mtikisiko na joto. Nochi iliyopoteza rezista yake haipitishi umeme, na inayofuata humwaga umeme wote kwa mkupuo. Usiendelee kuendesha ukisema "tutatengeneza jioni." Gia zinapigwa nyundo kila kituo.

Dalili: kugonga kwa mdundo chini ya sakafu

Tofautisha kwanza. Mdundo unaosikika sehemu fulani tu za njia ni viungo vya reli. Unaokufuata kila mahali, ukiongezeka kasi pamoja na gari, ni gurudumu lenye bapa, yaani lilikwama kwa breki likateleza juu ya reli hadi likalika upande mmoja. Tiba ni kulichonga kwenye leti. Mtu akikushauri lijazwe kwa kuchomelea, usikubali mpaka mtaalamu wa vyuma alikague, maana joto la kuchomelea linaweza kuacha ufa usioonekana kwenye chuma kilichobeba abiria 60.

Dalili: harufu ya mafuta yanayoungua baada ya safari fupi

Beringi za tramu za zamani ni za metali nyeupe (aloi laini), na hulainishwa kwa mafuta yanayofyonzwa na sufu iliyosokotwa ndani ya kisanduku. Sufu ikikauka au ikijaa maji, metali huyeyuka na kutiririka. Fungua kifuniko, bonyeza sufu: inapaswa kutoa mafuta. Ikiwa imekauka na kung'aa kama kioo, ibadilishwe. Ukiona vipande vya fedha-fedha ndani ya mafuta, gari lisisogezwe hata kwa kuvutwa. Kumimina metali nyeupe upya ni ufundi uliobaki mikononi mwa wachache, na foleni yao ni ndefu, kwa hiyo waulize mapema.

Dalili: breki za hewa zinachelewa, kompresa haipumziki

Kuna mahali panavuja. Sabuni na maji kwenye kila kiungo, tazama mapovu. Kisha fungua bomba la chini la tangi na utoe maji yaliyokusanyika, jambo linalotakiwa kufanywa kila siku ya kazi. Baadaye ndipo ushuku ngozi za pistoni na vali, ambazo hukauka kwa kukaa. Tangi lenyewe lisichomelewe wala kutobolewa. Ni chombo cha shinikizo na lina mkaguzi wake.

BODI: KWA TRAMU NA AMBULENSI PIA

Dalili: rangi inavimba, mlango haufungi tena, mbao zinanuka udongo

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mota inaweza kufungwa upya lakini mbao ya asili ikioza imekwenda.

Tramu nyingi tunazoziona leo ziliwahi kuwa mabanda ya kuku au vibanda vya bustani. Mtandao wa zamani wa tramu wa London ulifungwa Julai 1952, na huko na kwingineko Uingereza bodi zilizoachwa ziliuzwa kwa wakulima bila magurudumu. Miti yake imeshakunywa mvua ya miaka 40 au 50. Ambulensi nazo zina hadithi inayofanana. Austin K2/Y, ile ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia iliyobeba majeruhi 4 waliolala au 10 walioketi, ina bodi ya kiunzi cha mbao iliyofunikwa kitambaa kilichotiwa plastiki mithili ya ngozi. Zilitengenezwa zaidi ya 13,000. Zilizobaki ni chache, na adui wao ni maji yanayoingia kwenye mshono wa paa.

Tafuta chanzo kutoka juu kwenda chini. Kwanza paa: turubai lililopasuka, rangi iliyokatika kando ya misumari, mifereji iliyozibwa na majani. Pili, fremu za madirisha na mpira wake. Tatu, miguu ya nguzo za pembeni, pale zinapoingia kwenye boriti ya chini. Maji ya paa yote huishia hapo. Chukua msumari butu, usukume taratibu mahali pasipoonekana: ukiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao imeoza.

Ukiona unga mwembamba chini ya tundu dogo, ni bungua. Unga mweupe unaong'aa maana yake bado wamo. Weka karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki mbili. Usinyunyize dawa ya dukani juu ya rangi ya zamani wala maandishi ya dhahabu, kwani huyeyusha vanishi. Mwite mhifadhi.

Dawa ya kwanza ya bodi yoyote ni hewa ya banda. Nunua kipima unyevu, ni cha bei nafuu. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, kuvu huota. Ukishuka sana, mbao hupasuka viungo. Wanaotunza magari pwani ya Afrika Mashariki wana kazi maradufu, kwa sababu chumvi ya bahari huvuta unyevu na kuulaza juu ya chuma. Na zile Land Rover za wagonjwa zilizofika hadi zahanati za vijijini zina ugonjwa wake: bodi ya alumini imefungwa juu ya chuma, na pale metali hizo mbili zinapogusana zikilowa, alumini hugeuka unga mweupe. Tenganisha kwa kipande cha plastiki au mpira, usipake rangi juu na kuondoka.

ONYO: rangi za zamani karibu zote zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msasa mkavu ni marufuku. Vilevile usikimbilie kukwangua. Chini ya rangi unayoiona kunaweza kuwa na tabaka saba au nane, kila moja ikiwa kampuni, jiji au vita fulani. Fungua kidirisha kidogo cha sentimita mbili mahali pa pembeni, tabaka kwa tabaka, upige picha. Kwenye ambulensi nimeona msalaba mwekundu ukitokea chini ya rangi ya kijivu ya gari la kubebea mkate. Yule aliyetaka kulipuliza mchanga gari zima siku ile angeupoteza.

AMBULENSI

Dalili: stata inazunguka kwa uchovu au haizunguki

Betri, bila shaka, kisha vichwa vyake, kisha waya wa ethi kati ya injini na chesisi. Lakini kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza: gari la volti 6 limefungwa nyaya nyembamba za gari la volti 12. Volti 6 huhitaji mkondo mara mbili kwa kazi ile ile, kwa hiyo waya lazima uwe mnene. La pili: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ethi ya chanya, yaani ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Mtu akifunga betri kwa mazoea ya leo, dainamo na vifaa vingine huumia. Andika kwa rangi nyekundu kwenye kisanduku cha betri.

Ford Model T, zile zilizobeba majeruhi wengi Ufaransa katika Vita vya Kwanza, mara nyingi huwashwa kwa hendeli. Rudisha kwanza muda wa cheche nyuma, na kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke hendeli. Injini ikipiga teke, huvunja mkono.

Dalili: stata nzima, injini haishiki

Nusa tangi. Petroli iliyokaa hunuka kama vanishi. Imwage yote, usafishe kabureta. Uingereza imeifanya petroli yenye ethanoli ya hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida tangu 2021, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani ya pampu na mabomba. Mpira ukinata kwenye vidole, badilisha kabla haujavuja juu ya ekzosi.

Halafu platini, vile vigusanishi vinavyokata umeme wa cheche. Zikikaa, huota utando usiopitisha umeme. Kipande cha karatasi safi ngumu kikipitishwa katikati mara tatu kinatosha mara nyingi kuliko kipuri kipya.

Dalili: inawaka baridi, inazimika baada ya dakika 20

Simama papo hapo, kagua cheche kabla haijapoa, mbali na harufu yoyote ya petroli. Cheche dhaifu ya manjano ni kondensa au koili. Cheche kali ya buluu maana yake petroli inachemka kwenye bomba, au tundu la kifuniko cha tangi limeziba. Ukisubiri ipoe ndipo ukague, utaikuta nzima na hutajua lolote.

Dalili: pedali ya breki inazama, au gurudumu moja haliachii

Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hula masta silinda na silinda za magurudumu kutoka ndani. Kagua kiwango, kisha kagua nyuma ya kila gurudumu kama kumelowa. Kama gurudumu limeng'ang'ania, fungua skrubu ya kutolea hewa: likiachia mara moja, kosa mara nyingi ni hozi iliyovimba ndani na kuzuia mafuta kurudi.

Gari lenye dalili hii halitoki bandani. Hata kwa maandamano ya mita 200. Vumbi la ndani ya ngoma za breki linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa hewa, lisafishe kwa kitambaa kilicholowa.

Ukiwa chini hapo, soma tairi. Meno yake yanaweza kuwa mapya kabisa na mpira umekufa. Tangu 2000 tarakimu nne za mwisho wa msimbo huonyesha wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Na ringi za vipande kwenye magari ya jeshi zisijazwe upepo na mtu asiye na kizimba cha usalama. Pete ikiruka, inaua.

Dalili: nyuma kunanuka, vitambaa vina matundu, viti vinanata

Matundu kwenye blanketi za sufu ni nondo. Blanketi ifungwe vizuri ndani ya plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iachwe ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa. Ngozi inayotoa unga mwekundu haitaki mafuta, itazidi kuharibika. Viti vya plastiki vinavyonata havitaki sabuni kali. Vifunike kwa karatasi isiyoshika, vipate hewa, na umwombe ushauri mhifadhi wa plastiki.

Dalili: kabati la vifaa bado limejaa

Wageni hulipenda, na ndilo hatari zaidi kwenye gari zima. Kipima presha cha zamani mara nyingi kina zebaki. Ukiona vitone vya fedha kwenye droo, funga chumba, usifagie wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi. Silinda ya oksijeni inaweza kuwa bado na shinikizo, kwa hiyo usifungue koki ili kujaribu, wala usiipake mafuta au grisi. Iende kwa kampuni ya gesi ikathibitishwe kuwa ni tupu. Saa na mita zenye maandishi yaliyokuwa yakiwaka gizani zinaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi, zisifunguliwe vioo. Ampuli na chupa zilizobaki na dawa, zikiwemo mofini, ziorodheshwe kwa picha bila kuguswa kwa mkono mtupu, kabati lifungwe kwa ufunguo, na mfamasia aitwe kabla ya mgeni mwingine kuingia ndani ya gari.